HTML si 'lugha ya alama': Makosa ya istilahi yanayowapotosha wanaojifunza kuunda tovuti

MAJUZI nilialikwa kuhudhuria somo la jioni la vijana wanaojifunza kuunda tovuti. Darasa lenyewe ni chumba cha ghorofani, hatua chache kutoka Barabara ya Uganda, jijini Eldoret. Aliyenialika ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa akitengeneza ukurasa wa kuhifadhi mashairi ya babu yake, akataka nimpigie msasa Kiswahili chake. Nilipanda ngazi zile nikidhani naenda kusahihisha tahajia. Nilishuka na mambo mengine kabisa kichwani.

Mkufunzi, kijana mchangamfu na mwenye subira, alianza hivi: "HTML ni lugha ya alama. Ni lugha ya kuprogramu kama zile zingine, ila hii ni rahisi." Akachora ubaoni herufi p iliyozingirwa na mabano, akaendelea: "Hii tunaiita tagi ya pi. Ukiifungua, lazima uifunge na slashi. Msiniulize kwa nini ni pi. Kariri tu. Hivyo ndivyo kompyuta inataka."

Vijana wakanakili. Nami nikanakili, kwa sababu tofauti. Katika maneno yale machache mlikuwa na makosa matatu, na hakuna hata moja linalohusu ngeli wala tahajia. Ni makosa ya istilahi. Istilahi ikipotoka, fikra nayo hupotoka.

Kosa la kwanza ni hilo jina 'lugha ya alama'. Jina hili tayari lina wenyewe. Nchini Tanzania, Lugha ya Alama ni lugha ya viziwi. Sisi Kenya tumezoea kusema Lugha ya Ishara, ingawa si ajabu kumsikia mtu akiitaja kwa jina lile la jirani. Ni lugha kamili yenye sarufi yake, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali iikuze pamoja na Breli. Sasa chukua sentensi hii: "Tovuti yetu imetumia lugha ya alama." Je, mwandishi anamaanisha kwamba kuna video yenye mkalimani wa viziwi, au anamaanisha HTML? Neno moja kubeba dhana mbili si hoja. Kiswahili kina 'kaa' na 'paa' na hatujafa. Taabu huja dhana hizo mbili zinapokutana katika uwanja mmoja, kama zinavyokutana hapa. Hapo istilahi huwa imeshindwa kufanya kazi yake.

Kosa la pili ni kuiita HTML lugha ya kuprogramu. Lugha ya kuprogramu huipa kompyuta maagizo: jumlisha hiki na kile, ikiwa jibu ni hili, fanya lile, rudia mara kumi. HTML haifanyi hesabu wala haiamui lolote. Kazi yake ni kuieleza kompyuta kila sehemu ya maandishi ni nini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, hili ni jedwali, hapa pana picha, hapa pana kiungo cha kukupeleka kwingine. Basi.

Historia yake inatusaidia kupata jina bora. Kabla ya kompyuta kuenea, mhariri alichukua mswada na kalamu, akautia alama pembeni: hiki kiwe kichwa, haya yawe maandishi ya mlazo, hapa aya mpya ianze. Mpiga chapa akazifuata. Alama zile hazikuchapishwa. Zilieleza tu maandishi yapangwe vipi. Desturi hiyo ndiyo iliyohamia kwenye kompyuta. Ikazaa SGML, iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na kutokana nayo Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN mjini Geneva, akaunda HTML. Maelezo yake ya mwanzo ya mwaka 1991 yalikuwa na alama 18 tu.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiyasikia haya hatatatizika. Atasema: kumbe ni uakifishaji! Naam. Nukta humwambia msomaji sentensi imekwisha. Alama za mtajo humwambia haya ni maneno ya mtu mwingine. Hakuna anayeitamka nukta, lakini bila nukta maana huvurugika. HTML nayo ni hivyo hivyo, ila anayeambiwa ni kivinjari. Kwa hiyo napendekeza tuiite 'lugha ya uakifishaji', au kwa urefu, lugha ya kuakifisha matini zilizounganishwa. Najua kuna atakayesema uakifishaji wa darasani ni finyu kuliko huu, kwa kuwa nukta na koma hazina habari za majedwali na picha. Ni kweli. Hata hivyo, kupanua neno linaloeleweka ni nafuu kuliko kupora jina la lugha ya watu.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma zaidi: "Kariri tu." Herufi p ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya aya. Ni hilo tu! Sekunde tano za maelezo. Herufi a, inayounda viungo, inatokana na neno lenye maana ya nanga. Nani pwani au bara asiyejua nanga? Ukimwambia mwanafunzi kwamba hapa unaitia nanga kamba itakayokuvuta hadi ukurasa mwingine, hatasahau. Ukimwambia akariri, atasahau kabla ya kufika Langas.

Ajabu ni kwamba vijana hawa wanayo maneno yote wanayoyahitaji. Waliyasoma sekondari. Kile alichokiita mkufunzi 'slashi' wao wanakijua kama mkwaju. Wanayajua mabano. Wanazijua alama za mtajo, ambazo katika HTML huzingira thamani za sifa. Wanajua aya, kichwa, orodha, jedwali, herufi nzito na maandishi ya mlazo. Walipewa zana hizi zote katika somo la Kiswahili, kisha tukawafungia mlango wasiingie nazo katika somo la kompyuta. Mbaya zaidi, tuliwapa badala yake maneno yasiyofaa. Mkufunzi yule aliwauliza mara kadhaa, "Mmemaliza kuandika kodi?" Msichana mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Kodi ya nyumba ama ya serikali?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri. Neno 'msimbo' lipo.

Msinielewe vibaya. Siyapingi maneno ya mkopo. Mji huu wenyewe uliota kwenye shamba nambari 64 la walowezi, na wenyeji wakaichukua nambari hiyo ya Kiingereza wakaitamka kwa ulimi wao: Sisibo. Leo Sisibo ni jiji, tangu Agosti 15, 2024. 'Tagi' nalo naliona neno halali. Lina irabu mwishoni na linakubali ngeli: tagi hii, tagi hizi. Wala sidai p igeuzwe iwe herufi nyingine ili kuufurahisha uzalendo wetu. Tagi ni alama za dunia nzima, sawa na tarakimu. Ninachodai ni kwamba maelezo yake yatolewe kwa lugha anayoielewa mwanafunzi. Alama ibaki ilivyo. Ufafanuzi uwe wetu.

"Lakini mwalimu," mkufunzi aliniambia baada ya somo, kwa heshima zote, "hawa wataenda kutafuta kazi. Huko hakuna mtu atawauliza mkwaju ni nini." Hoja yake ina uzito. Nilimjibu kwamba anayejua mkwaju ataongeza 'slashi' kwa siku moja, lakini anayejua 'slashi' bila kujua kwa nini ipo atababaika siku zote. Mifano ya kubabaika huko tulikuwa nayo pale pale, katika ukurasa wa mashairi ya babu.

Babu aliandika tarbia: mishororo minne kila ubeti, kila mshororo na vipande viwili, ukwapi na utao. Mjukuu aliyachapa vizuri, akaacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao kama ilivyo katika daftari. Alipoufungua ukurasa, mashairi yalikuwa yamegeuka nathari. Mishororo yote minne ilifuatana kama sentensi za barua, na ile nafasi katikati ilikuwa imetoweka. Akadhani kompyuta imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Katika HTML, nafasi kumi zilizofuatana huonyeshwa kama nafasi moja, na kuvunja mstari kwa kitufe hakuvunji mstari mbele ya msomaji. Usipokiambia kivinjari kwamba hapa mshororo unaisha, hakina njia ya kujua. Tukakaa naye. Kila ubeti tukaufanya aya, mwisho wa kila mshororo tukaweka tagi ya kukata mstari, na kati ya vipande tukatia koma kama magazeti yafanyavyo. Shairi likarudi. Kijana akasema, "Kumbe lazima ujue shairi ndio uliandike kwa HTML." Ndivyo. Hakuna tagi itakayokutambulishia utao ikiwa wewe mwenyewe huutambui.

Tulikuta pia kwamba majina ya mashairi ameyapa tagi ya kichwa kikuu, na hata maelezo mafupi ya chini ameyapa tagi hiyo hiyo, kisa na maana yanaonekana makubwa na ya kupendeza. Huku ni kuchanganya sura na maana. Ni sawa na mwanafunzi anayeipigia mstari kila sentensi ya insha. Tagi ya kichwa haisemi 'andika kwa herufi kubwa'. Inasema 'hiki ni kichwa'. Ukubwa hushughulikiwa kwingine.

Mbona basi kivinjari hakikulalamika? Kwa sababu kivinjari ni mvumilivu mno. Ukisahau kufunga tagi, kitakisia ulichokusudia na kuendelea. Kinafanana nasi watu wa bara: mtu akisema "kitabu yangu imepotea," tunamsaidia kukitafuta kitabu, hatumsimamishi kwa sababu ya upatanisho. Uvumilivu huo ni mwema sokoni. Ila humfanya mjifunzaji aamini kwamba kinachoonekana sawa ni sawa.

Na hapo ndipo nilipofikia jambo lililonifanya niandike makala haya. Usiku ule nilimtumia ukurasa ule rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu asiyeona, mpenzi mkubwa wa ushairi. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Baada ya dakika chache akanipigia. "Ndugu yangu," akasema, "huyu Mzungu anayenisomea shairi umemtoa wapi?"

Akanisikilizisha. Neno 'pale' lilitamkwa 'peil'. 'Wake' likawa 'weik'. 'Mate' likawa 'meit'. Vina vyote vilikuwa vimekufa.

Chanzo kilikuwa mstari wa juu kabisa wa ukurasa. Wanafunzi wote walikuwa wameanza na kiolezo kimoja, na kiolezo kile huja kikiwa kimeandikwa lang="en", yaani 'lugha ya ukurasa huu ni Kiingereza'. Mjukuu alikinakili kama alivyoambiwa, akakariri. Macho yetu sisi tunaoona hayakugundua lolote, kwa kuwa herufi ni zile zile. Sikio la rafiki yangu liligundua papo hapo. Ukurasa wa Kiswahili ulikuwa umejitambulisha kwa mashine kuwa ni wa Kiingereza.

Kiswahili kina utambulisho wake katika kiwango cha kimataifa cha misimbo ya lugha: herufi mbili, sw. Mwongozo wa kimataifa wa kuwawezesha wenye ulemavu kutumia wavuti, uliotolewa mwaka 2008, unaitaja lugha ya ukurasa katika daraja la mahitaji ya msingi kabisa. Nilimpigia kijana, akabadilisha herufi mbili tu. Rafiki yangu akaufungua upya. Sauti bado ilikuwa ya mashine na mkazo ulipwaya hapa na pale, lakini lilikuwa shairi la Kiswahili, na vina vilisikika.

Tangu usiku huo nimekuwa nikikagua kurasa za Kiswahili ninazokutana nazo, na zinazojitangaza kuwa za Kiingereza si chache. Waliozitengeneza si watu wenye nia mbaya. Ni watu walioambiwa wakariri. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule zetu, hivyo wanaojifunza mambo haya wataongezeka. Walimu wa Kiswahili wasikae kando wakidhani hili ni la watu wa tarakilishi. Kichwa ni nini, aya ni nini, mshororo unaishia wapi, ukurasa huu ni wa lugha gani: haya ni maswali yetu tangu jadi.

Nawe msomaji uliye na ukurasa wa Kiswahili, ufungue leo uutazame mstari wake wa juu. Ukikuta en, andika sw.