Hongereni Wafungaji Mizigo wa Sharjah

Taa ya gari iliyotumika huanza kuvunjika masikio, yale yanayopitisha boliti, hata kama kioo chake hakina mkwaruzo. Ikifika hivyo, fundi wa Ilala, Dar es Salaam, hana pa kuishikiza. Wafungaji mizigo ya vipuri huko Sharjah, Falme za Kiarabu, wanalijua hilo, nao huanzia hapohapo: sponji kwenye kila sikio, plastiki ya mapovu mizunguko kadhaa, kisha boksi gumu lisiloacha nafasi ya taa kucheza. Kioo cha mbele hawakilazi kamwe. Hukisimamisha kwa ukingo, maana kikilazwa, uzito kidogo tu juu yake unaweza kukipasua.

Kinachonifurahisha zaidi ni unafuu. Kwa ndege, bampa hutozwa kwa ukubwa wake ingawa ni jepesi. Wafungaji hawa hukusanya mizigo ya watu wengi katika kontena moja la meli la futi 40, injini zilizotolewa oili zikiwa chini, milango na bampa juu, kila mtu akilipia nafasi yake tu. Hivyo mwenye duka dogo Mombasa au Dar es Salaam anaagiza jozi mbili za taa na bado anapata faida.

Hongereni sana, ndugu zetu, hasa nyinyi mnaoandika jina la mwenye mzigo pande zote za boksi.