Uliuza sanduku ao uliuza chuma?

Wandugu wasomi, leo naleta mbele yenu sanduku moja tulihukumu. Ni lile la plastiki jekundu, vipande 40, linalopangwa sokoni pembeni ya minyororo ya pikipiki: taro za kukata meno ndani ya tundu, filieri za kukata meno juu ya fimbo, na vishikio vyake. Juu yake wameandika kwa Kiingereza kwamba ni chuma cha tungsten. Nililinunua kwa zamu yangu ya likelemba. Najua wengi wenu mnataka kuanza kazi na sanduku kama hilo, njo maana naandika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hapa Kakontwe, kwa mama mwenye mashini ya kusaga mahindi. Alihitaji bulo nne za M10 za kushika mota. Nikakata meno, nikafunga, mashini ikaunguruma, nikalipwa. Siku ya tatu mota ilikuwa imelala upande, mkanda umekatika, na meno ya bulo yamekwanguka yote kama gunzi lililopukuchuliwa. Mama hakunitukana. Alisema tu: “Mwana yangu, batoto yangu banakulaka ku hii mashini.”

Nilipeleka zile bulo kwa mzee mmoja wa mtaa, ajisteri aliyestaafu. Kabla ya kuzigusa aliangalia sanduku langu, akauliza: “Uliuza sanduku ao uliuza chuma?” (Kwetu kuuza ni kununua, wenzetu wa Dar es Salaam msishangae.)

Lakini hukumu yake ya kwanza ilinipata mimi, hapana sanduku. Alipima fimbo yangu kwa pieakulisi: milimita 10.2. Chuma cha sokoni kinachoitwa “dizi” mara nyingi si kumi kamili. Kwa M10 yenye hatua ya 1.5, unatoa sehemu ya kumi ya hatua kwenye kipenyo, unabaki na 9.85. Nilijua ile hesabu! Shuleni nilichora pembetatu ya digrii 60 kwa wino, nikapata alama nzuri. Ila hakuna siku tuliyopewa fimbo nene na filieri butu ili tuone kinachotokea. Tena sikuchonga ncha ya fimbo kwa tupa, na mafuta sikuweka. Basi nusu ya kosa ni yangu.

Tukarudia vizuri. Fimbo mbili za chuma laini, 9.85 zote mbili, ncha zimechongwa, mafuta yapo. Moja kwa filieri yake ya zamani yenye alama HSS, moja kwa yangu. Yake ilitoa mabaki yaliyojikunja, na ekru mpya ikapanda kwa vidole bila kucheza. Yangu ilitoa unga na vipande-vipande. Meno yalikuwa na mikwaruzo pembeni, vichwa vyake vimechanika, na ekru ilitikisika kama jino la mtoto. Halafu akapitisha tupa taratibu kwenye pembe ya kila filieri. Juu ya yake tupa iliteleza tu. Juu ya yangu iliuma. Chuma ambacho tupa inakila hakiwezi kukaa na makali mbele ya bulo ngumu ya 8.8.

Kuna ubaya mwingine ambao mnunuzi haoni. Filieri zangu zina pembe sita. Umbo hilo kazi yake hasa ni kusafisha meno yaliyopata kutu ao kupondeka. Kwa kukata meno mapya, mzee anapendelea ile ya mviringo yenye mpasuko na skrubu, maana unaweza kuibana ao kuifungua kidogo. Kishikio nacho kinalegea, kwa hiyo meno yanaanza upande kama mlevi. Na taro ni moja tu kwa kila kipimo, wakati seti ya mkono ya kweli ni tatu: ya kuanza, ya katikati, ya kumaliza. Ikivunjikia ndani ya kulasi ya mota, meshi ya kawaida haitaitoboa. Hapo deni linakungoja.

Sasa msikimbilie kusema vya wazungu wa zamani vyote ni dhahabu. Likasi tunapenda sana wimbo huo, tangu jina la Jadotville liondoke mwaka 1966. Filieri ya Uingereza iliyochoka inachana chuma vilevile. Na zingine ni za kipimo cha Whitworth cha 1841, digrii 55: ya 3/8 ina meno 16 kwa inchi, hatua karibu 1.59, inafanana na M10 kwa macho. Ekru inapanda mizunguko miwili, inakwama, kijana anaongeza nguvu.

Kwa hiyo sokoni mimi siangalii tena rangi. Naomba filieri moja, naielekeza kwenye jua, natazama kama meno yanang'aa sawasawa na kama ya mdomoni yamepunguzwa polepole. Natafuta HSS, ingawa herufi tatu hata muongo anaweza kuzigonga. Halafu naomba kujaribu juu ya kipande changu cha 9.85, na ekru yangu mfukoni. Muuzaji mmoja alinifukuza. Mwingine alicheka, akaleta eto.

Kwake nilinunua filieri tatu tu, M8, M10 na M12, kwa bei inayokaribia ile ya sanduku zima. Bulo za mama nimezikata upya, bila malipo. Ya M12 bado sijaigusa. Natafuta kwanza fimbo ya 11.8.