Mfalme Jeta na Mtihani wa Jamhuri

Wako wasomaji wanaokichukua Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, kuwa ni hoja dhidi ya ufalme. Maoni hayo yana ukweli, lakini hayafiki mwisho wa jambo. Katika Adili na Nduguze, kilichofuata mwaka 1952, mwandishi huyo huyo amemsifu Mfalme Rai kwa wema wake. Lau ubaya ungekuwa katika cheo peke yake, Rai asingestahili sifa hizo.

Tuitazame kesi yenyewe. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Katika utetezi wake anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na angani na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakalipwa kifungo. Mwishowe Mfalme Jeta anasikia, na Karama anaachiwa huru. Msomaji hufurahi, lakini yafaa ajiulize, kama Jeta angekataa kusikia, Karama angekwenda wapi? Haki imemfikia kama zawadi, na mwenye kutoa zawadi aweza pia kuizuia. Hapo ndipo tuuonapo upungufu wa ufalme: raia wa Rai na raia wa Jeta, wote wanautegemea moyo wa mtu mmoja.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache kabla ya Tanganyika kuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huo. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria, na Januari 1964 Mapinduzi yakauondoa usultani Zanzibar. Viti viliondoka, tabia haikuondoka navyo yote. Majivuno hakuwa mfalme. Alikuwa waziri, na mawaziri wamo hata katika jamhuri. Kila mwenye madaraka amwitaye mkosoaji wake adui wa nchi amekalia kiti cha Majivuno, hata kama ukutani mwake imetundikwa picha ya rais.

Kwa hiyo ubora wa jamhuri hatuutafuti katika wema wa viongozi wake, maana wafalme wema nao wamepata kuwako. Tunautafuta katika yale ambayo Karama hakuwa nayo: sheria iliyo juu ya mtawala, na madaraka yenye mwisho. Ndiyo maana mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984, yaliyomwekea Rais wa Tanzania ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano, ni jambo la utamaduni wetu, si la siasa tu. Lakini sheria ya namna hiyo huishi pale tu raia wanapoijua na kuidai. Na kuwafundisha watu sheria ndilo kosa lililomfikisha Karama kizimbani. Wanafunzi wetu wakisomeshwa kitabu hiki, wasiambiwe kuwa ni habari za nchi ya angani tu. Waulizwe ni nani leo anayezuiwa kusema, na kwa amri ya nani.