Msimamo wa Ligi Usio na Tarehe: Tahakiki ya Matini Tunayoisoma Kila Wiki

Katika kipindi kimoja cha stadi za kusoma tuliwaomba wanafunzi wetu walete matini fupi ya Kiswahili ambayo kila mmoja aliisoma wiki ile kwa hiari yake. Tulitarajia methali, mashairi, au pengine habari za redio. Wengi walileta msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara walioutoa kwenye intaneti. Wawili waliokaa dawati moja wakaanza kubishana: kwa mmoja timu ya pili ilikuwa Azam, kwa mwenzake ilikuwa Simba. Kila mmoja aliapa kuwa wake ndio wa sasa, na walikuwa wamekwisha kuwekeana dau la nauli ya wiki nzima. Tulipozichukua karatasi zao tuliona kuwa hakuna iliyoandikwa tarehe wala msimu. Moja ilikuwa ya 2023/2024, nyingine ya 2024/2025. Aliyeshindwa alirudi Buyenzi kwa miguu.

Tangu siku hiyo tunaona kwamba jedwali la ligi linastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Lina mwandishi, lina wasomaji wengi kuliko riwaya tunazozifundisha, na linadai kusema ukweli. Je, linausema vizuri?

Tuanze na wakati. Kitenzi cha Kiswahili kinachoeleza tukio huhitaji njeo ili tujue jambo limetendeka lini. Jedwali lisilo na tarehe ni kama kitenzi kilichonyimwa njeo. Tarehe peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa timu hazichezi idadi sawa ya michezo kwa wakati mmoja. Watangazaji wa Tanzania wametupatia neno zuri sana kwa mchezo ulioahirishwa: kiporo, yaani chakula kilicholala. Mfano mzuri ni mchezo wa Yanga na Simba uliopangwa tarehe 8 Machi 2025. Uliahirishwa, ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni 2025. Kabla ya kuchezwa, Yanga ilikuwa na pointi 79 na Simba pointi 78. Aliyesoma nafasi ya kwanza bila kutazama safu ya michezo iliyochezwa aliweza kudhani kuwa mambo yamekwisha, kumbe ubingwa mzima ulikuwa ndani ya kiporo hicho. Yanga ilishinda 2-0 ikawa bingwa.

La pili ni kanuni. Jedwali hupanga timu, lakini mara nyingi halisemi limezipanga kwa kigezo gani. Mwaka 2024 Azam na Simba zilimaliza zikiwa na pointi 69 kila moja. Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao na kupata nafasi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ikaenda Kombe la Shirikisho. Msomaji anayeijua kanuni hiyo tu akienda Hispania atapotea. Msimu wa 2006/2007 Real Madrid na Barcelona zilipata pointi 76 kila moja. Barcelona ilikuwa na tofauti ya mabao 45, Real Madrid 26, lakini bingwa alikuwa Real Madrid, kwa sababu huko hutazamwa kwanza matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Mstari mmoja chini ya jedwali ungetosha kulieleza hili.

La tatu linatuhusu zaidi sisi wa Bujumbura, kwa kuwa mwanafunzi wetu husoma majedwali ya lugha tatu. Herufi P katika jedwali la Kifaransa ni michezo iliyopotezwa. Katika la Kiingereza ni michezo iliyochezwa. Katika la Kiswahili huweza kuwa pointi. Herufi G kwa Kifaransa ni ushindi, kwa Kiingereza ni mabao. Waandishi wa majedwali ya Kiswahili wakinakili vifupisho vya wengine, msomaji wetu hukisia tu. Hata maneno kamili yana mitego. "Kufungwa" hutumika kwa mchezo uliopotezwa na pia kwa mabao yaliyoingia golini. Tunapendekeza safu ziandikwe hivi: michezo, kushinda, sare, kupoteza, mabao ya kufunga, mabao ya kufungwa, tofauti, pointi. Anayependa kuandika "alama" kama ndugu zetu wa Kenya na aandike, mradi asichanganye maneno hayo mawili katika jedwali moja.

Hata hivyo haki itendeke: matini hii ina sifa moja ambayo insha nyingi hazina. Inaweza kujisahihisha. Zidisha kushinda mara tatu, ongeza sare, utapata pointi, isipokuwa kwa timu iliyonyang'anywa pointi. Timu iliyoshinda michezo 20 na kutoka sare 5 lazima iwe na pointi 65. Jumla ya kushinda kwa timu zote hulingana na jumla ya kupoteza, na tofauti zote za mabao zikijumlishwa hutoa sifuri. Ni upatanisho kama ule wa sarufi: kiambishi kimoja kikikosewa, sentensi nzima hulia. Basi mwanafunzi anayetafuta msimamo wa sasa aandike jina la ligi pamoja na msimu, atazame tarehe, ahesabu michezo, kisha ajumlishe. Jedwali lisilopatana aliache.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu soka linawafundisha vijana wetu Kiswahili kwa saa nyingi kuliko sisi. Wanamfahamu Amissi Tambwe, Mrundi aliyekuwa mfungaji bora Tanzania akiwa Simba msimu wa 2013/2014, na tena akiwa Yanga 2015/2016. Wanamfahamu Saidi Ntibazonkiza, aliyelingana na Fiston Mayele kwa mabao 17 msimu wa 2022/2023. Lakini tulipowaomba walete msimamo wa ligi ya Burundi kwa Kiswahili, walirudi mikono mitupu. Wanaijua nafasi ya kila timu ya Dar es Salaam kwa Kiswahili, na kwa timu ya mtaani kwao hawana sentensi.

Hapo lawama si ya intaneti tena, ni yetu. Kwa hiyo tumewapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi: kila Jumatatu wabandike katika ubao wa matangazo wa idara msimamo wa ligi yetu, kwa Kiswahili, wenye tarehe, msimu, kanuni na viporo vyote. Wenzetu walimu, piteni mkausahihishe kwa kalamu nyekundu.