Ufundi wa Shuka la Pamba

Shuka jema halimaliziki kiwandani. Mfumaji hulianza, lakini anayelikamilisha ni mfuaji, ambaye kitambaa kikavu kilichotoka dukani hulainika mikononi mwake mwaka hadi mwaka bila kulegea wala kupauka, na ni haki ufundi wake usifiwe kama unavyosifiwa ule wa kusuka mikeka au kuchonga milango.

Hata hivyo, mfuaji hawezi kuokoa kitambaa kibovu, na kwa hiyo uteuzi hutangulia. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazotangulia kutandazwa na kukazwa kwa urefu, na mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa kwa upana juu na chini ya mtande. Idadi inayoandikwa kwenye pakiti za mashuka ni jumla ya nyuzi za pande zote mbili katika inchi moja ya mraba. Idadi hiyo huwababaisha wanunuzi, kwa kuwa uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi mbili au tatu nyembamba huweza kuhesabiwa mara mbili au tatu, na hivyo shuka linaloitwa la 800 likawa zito na lenye joto kuliko la 250 lililofumwa kwa pamba ya nyuzi ndefu. Kwa miji ya joto na unyevu kama Mombasa, Tanga na Unguja, ufumaji wa kawaida, ambao mshindio hupanda uzi mmoja na kuzama chini ya unaofuata, hufaa zaidi kuliko ule wa atlasi, ambao uzi huruka nyuzi tatu au nne kabla ya kuzama, ukang'ara kweli lakini ukanasa upesi kwenye kucha na misumari ya kitanda. Polista haikunjamani na hukauka haraka, ila hainywi jasho. Mnunuzi mzoefu hulinyanyua shuka kwenye mwanga aone kama nyuzi zimepishana sawasawa, kisha hulisugua kwa nguvu kati ya vidole: unga mweupe ukidondoka, ujue ni wanga uliotiwa kuficha ufumaji uliolegea.

Katika kufua ndipo ujuzi hasa unapoonekana. Doa la damu au la maziwa huanza kwa maji baridi, kwa sababu joto huigandisha protini na kuifungia ndani ya uzi. Jasho na mafuta ya mwili, kinyume chake, huhitaji maji ya moto. Pamba huwa imara zaidi inapolowa, na ndiyo maana huvumilia kufikichwa na kukamuliwa, lakini dawa ya klorini hula nyuzi zenyewe, na shuka linaloloweshwa humo kila wiki huchanika likiwa bado jeupe. Wafuaji wa zamani walikuwa na njia ya upole zaidi: katika suuzo la mwisho walitia buluu kidogo, rangi ambayo hufunika umanjano wa kitambaa kikongwe na kulifanya jicho lione weupe.

Jua nalo lina kipimo chake. Huua vijidudu na kuondoa harufu, ila likizidi huchujua rangi na kudhoofisha nyuzi, hivyo shuka la rangi huanikwa likiwa limegeuzwa ndani nje, likaanuliwa lingali na unyevu kidogo, kwa kuwa pasi hunyoosha pamba yenye unyevu kwa urahisi usiopatikana katika pamba iliyokauka kabisa. Unyevu huo usibaki wakati wa kukunja. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, kabati la pwani huota kuvu kwa siku chache tu. Wanawake wa Uswahilini hukabiliana na uvundo huo kwa kufukiza: udi huwekwa juu ya makaa katika chetezo, tenga hufunikwa juu yake, na mashuka yakatandazwa juu ya tenga hadi moshi upenye kila kunjo.

Shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolala, huku kingo zikibaki nzima. Fundi mwangalifu hulipasua kwa urefu katikati, akaunganisha kingo mbili za nje kwa mshono bapa, akapinda upya pande zilizochanika, na kitambaa kikaendelea kutandikwa kwa miaka mingine.