Jicho la Kumjua Paka Mzima

Paka haumwi hadharani. Mbuzi akiugua atabwaga mwili uwanjani kila mtu amwone, mbwa atalia mpaka majirani watoke, ila paka hujikunja kwenye kona yake, macho kayafumba nusu, na apitaye atasema amelala. Ana sababu ya kufanya hivyo. Ni mwindaji, lakini ni mdogo, naye huwindwa na walio wakubwa kuliko yeye. Mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu amekwisha. Tabia hiyo hakuiacha nje alipoingia majumbani mwetu. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wanaoweza kumtazama paka na kusema, bila kubahatisha, huyu ni mzima na huyu ana jambo. Huo ni ufundi kamili, na kwetu pwani wanao watu wengi ambao hakuna aliyewahi kuwaita mafundi.

Nenda Lamu uone. Paka wako kwenye vichochoro, juu ya kuta, kwenye ngazi za misikiti, na wavuvi wakishusha samaki, wao ndio wa kwanza kufika. Katika sheria ya Kiislamu paka si najisi, wala maji aliyoyanywa hayaharibiki, kwa hiyo hafukuzwi penye mtungi wala penye mkeka. Kukaa karibu huko kumewafanya watu wamjue. Mgeni akiwaona paka wa Lamu, wembamba, wenye miguu mirefu na masikio makubwa, hudhani kisiwa kizima kina njaa. Wapo wenye njaa kweli, na wenye minyoo pia, lakini wengi ndivyo walivyoumbwa. Mwenye jicho hahukumu kwa wembamba. Hupitisha kiganja ubavuni: mbavu zisikike chini ya vidole, zikiwa zimefunikwa na nyama kidogo. Zikitokeza, na uti wa mgongo ukimkwaruza kiganjani, hapo ana wasiwasi. Na paka ambaye mbavu zake hazipatikani kabisa, yule ambaye majirani humsifia kwa unono, naye fundi hampi sifa hiyo.

Kuna bibi mmoja ambaye nimekaa naye barazani mara nyingi, na mikono yake ndiyo iliyonifundisha kuupenda ufundi huu. Akiletewa paka hamkimbilii. Humwacha atembee kwanza, akimtazama anavyoweka miguu, anavyoruka au anavyokataa kuruka. Kisha humpakata, humwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na kuibonyeza fizi. Panakuwa peupe. Anaachia. Kwa paka mzima wekundu hurudi upesi, hata hajamaliza kusema Bismillahi. Madaktari wa mifugo nao hufanya hivyohivyo kupima mzunguko wa damu, na kwao kipimo ni chini ya sekunde 2. Fizi ikiwa nyeupe tangu mwanzo, damu imepungua, na kwa mtoto wa paka mara nyingi ni viroboto wamemnyonya. Ikiwa ya manjano, swali linahamia kwenye ini. Ikielekea buluu, hewa haimfikii vya kutosha, na hapo hakuna mazungumzo zaidi, ni kwenda kwa daktari. Wapo paka wenye fizi nyeusi kwa maumbile. Hao bibi huwafunua kope la chini akasoma rangi huko.

“Mwanangu, usimshike pua,” aliniambia siku moja. Nami namuunga mkono. Imani ya kwamba pua baridi ni uzima na pua kavu ni homa imewadanganya wengi. Pua ya paka hukauka akilala juani na hulowa akijilamba. Hata mwili wake, joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo kiganja cha binadamu kitamwona ana moto siku zote. Homa yake hujulikana kwa kipimajoto. Kukoroma kwake nako hakutoshi kuwa ushahidi: paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma pia akiwa na maumivu makali.

Cha kuaminika zaidi ni pumzi. Mhesabie akiwa amelala, ubavu ukipanda na kushuka ni pumzi moja. Wengi huwa kati ya 15 na 30 kwa dakika. Akizidi hapo mara kwa mara hali kalala, huenda kuna kitu kifuani au moyoni. Na paka anayehema mdomo wazi kama mbwa, bila kuwa ametoka kukimbia wala kupigwa na joto kali, hasubiri kesho.

Lakini kama kuna dalili moja ambayo ningetamani kila mwenye paka dume aijue, ni ya mkojo. Dume huenda mchangani, anachutama, anakaza, anaondoka, anarudi. Wenye nyumba husema amefunga choo, wakampa mafuta. Kumbe njia ya mkojo imeziba. Njia hiyo kwa dume ni nyembamba sana; ikiziba, sumu iliyopaswa kutoka hubaki mwilini, na siku mbili tatu zinatosha kumuua. Wanaoliwahi jambo hili ni wale wanaojua paka wao hukojoa wapi na mara ngapi, wakiwa wamelijua wakati hakuna lililoharibika.

Hapo ndipo ninapouona utukufu wa ufundi wenyewe. Unafanyika siku za uzima. Fundi anajua kwamba paka huyu hulala juu ya kabati, sasa mbona analala chini? Huyu hujilamba mpaka mkiani, sasa manyoya ya kiunoni yameshikana. Huenda viungo vinamuuma, hajipindi tena, au ana jino bovu. Huyu mzee anakula kuliko zamani na bado anakonda. Huyu mweupe ana kidonda kwenye ncha ya sikio kisichopona, na fundi anajua jua letu linaweza kuwapa saratani ya ngozi paka weupe, tena huanzia papo hapo.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Canada, walichapisha kipimo cha maumivu ya paka kinachosomwa usoni. Hutazamwa mambo matano: masikio, macho, mdomo, sharubu na namna anavyobeba kichwa, kila moja likipewa alama 0 hadi 2. Nilipokisoma nilifurahi kweli. Masikio yaliyotengana na kugeukia nje, macho yaliyobanwa, sharubu zilizonyooka badala ya kulegea, kichwa kilichoshuka chini ya mabega: hayo yote bibi huyasema kwa maneno mawili, “Uso umemkaza.” Kwamba sayansi imeyapima na kuyathibitisha ni heshima kwa pande zote mbili.

Jicho hili halitibu, na mafundi walio bora wanalijua hilo. Hawampi paka vidonge vyetu vya maumivu; ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Hawamwachi paka mnene siku tatu bila kula wakidhani atajirudi, maana mafuta hujaa kwenye ini lake. Humpeleka kwa daktari, na huko ndiko thamani yao huonekana. Daktari anauliza, “Alikojoa lini mara ya mwisho?” Wengi wetu hutazamana. Bibi anajibu: jana baada ya alasiri, matone tu, uani kwenye mchanga, akalia. Daktari hahitaji kuuliza la pili. Mkono wake umekwenda moja kwa moja kwenye kibofu.