Nani alimpa mkandarasi saa ya treni?

Mkataba wa Swindon wa Desemba 1841 ulikuwa kosa, tena kosa ambalo hata karani wa hoteli ya magari ya farasi asingelifanya. Nalisema mapema kwa sababu kila simulizi ya Castle Inn, hoteli ya magari ya farasi ya Marlborough kwenye barabara ya Bath, huishia pale pale: mvuke ukaja, farasi wakaondoka, milango ikafungwa mwaka 1843. Ni kweli, Great Western Railway iliishinda barabara ya Bath kihalali. Aibu ni namna ilivyomtendea msafiri baada ya ushindi.

Masharti ya mkataba yalikuwa haya. Wakandarasi Rigby wajenge stesheni ya Swindon na nyumba 300 za wafanyakazi kwa fedha zao, nao wapewe vyumba vya chakula vya stesheni kwa miaka 99, kodi peni moja kwa mwaka. Kufikia hapo naweza kuwaelewa wakurugenzi wa Great Western. Njia ya London hadi Bristol ilikadiriwa pauni milioni 2.5, ikala zaidi ya milioni 6. Mwenye deni hachagui sana.

Lakini wakatia na kifungu cha kusimama. Kila treni ya kawaida ya abiria isimame Swindon dakika kama kumi ili watu wale. Kifungu hicho sikisamehe. Kiufundi treni ilikuwa na sababu ya kusimama hapo mwaka 1842: Gooch, msimamizi wa vichwa vya treni wa kampuni, alipachagua pawe mahali pa kubadilishia vichwa vya treni, kwa kuwa kutoka London njia ni tambarare na kuelekea Bristol miteremko inaanza. Sawa kabisa. Ila hitaji hilo lilikuwa la vichwa vya wakati ule. Wakurugenzi walilichukua, wakalifunga kwenye karatasi kwa karibu karne nzima, kana kwamba mafundi wao wenyewe wasingejenga tena kichwa chenye nguvu zaidi. Na baadaye walikijenga hapo hapo Swindon, mbele ya macho ya mwenye mgahawa!

Tazama Rigby walivyocheza. Mara moja walimpangisha vyumba hivyo mwenye hoteli wa Cheltenham, Griffiths, kwa pauni 6,000 mkononi na 1,100 kila mwaka. Kwa muda gani? Miaka saba. Wao waliopewa miaka 99 hawakuthubutu kumpa mtu zaidi ya saba, kwa sababu walijua biashara ya chakula cha njiani hubadilika. Mwaka 1848 wakauza haki yao yote kwa pauni 20,000. Ujuzi wote wa mkataba ulikuwa upande mmoja wa meza.

Na abiria je? Mtu asiye na pengine pa kwenda hapewi chakula kizuri. Brunel mwenyewe, mhandisi wa njia yote hiyo, alimwandikia Griffiths kwamba hajawahi kuonja kahawa pale, isipokuwa nafaka mbovu iliyochomwa. Wasomaji wangu wa zamani wanaujua ugomvi wangu na mabasi ya mikoani yanayoingia kwenye mgahawa mmoja tu, dereva akala bure na abiria akalipia wali baridi kwa bei ya nyama. Sijauacha ugomvi huo, na chimbuko lake ni lile lile: anayelisha ndiye aliyeshika saa.

John Palmer wa Bath asingekubali. Tarehe 2 Agosti 1784 gari lake la kwanza la barua liliondoka Bristol saa kumi jioni na kuingia London saa mbili asubuhi. Watu husifu mwendo. Mimi nasifu mgawanyo wa kazi. Farasi walikuwa wa wenye hoteli, kila mmoja kwa kipande chake cha njia. Chakula kilikuwa chao pia. Lakini mlinzi wa barua aliyekaa nyuma na bunduki yake alikuwa mtumishi wa Posta, na saa aliyobeba ilifungwa ndani ya kasha ili asiweze kuichezea. Mwenye hoteli alipewa faida yote aliyoweza kuipata. Dakika hakupewa.

Ndani ya utaratibu huo Castle Inn ilikuwa fundi. Jumba la Duke wa Somerset, likageuzwa hoteli mwaka 1751, kwenye njia ambayo makumi ya magari yalipita kila siku. Farasi wanne wanafunguliwa, wanne wanafungwa, na gari limeshaondoka kabla abiria wa juu hajakunjua miguu. William Pitt mkubwa aliugua jongo mwaka 1767 akalala hapo majuma kadhaa, na hoteli ikaendelea na kazi. Najua mtaniambia kwamba wenye hoteli nao walikuwa wakichelewesha supu ya moto hadi tarumbeta ilie. Walifanya hivyo. Ila mtaa wa Marlborough ulikuwa na hoteli nyingine, na mwenye magari aliyechoshwa na malalamiko alihamisha magari yake. Swindon hapakuwa na mlango wa pili.

Kampuni ilijaribu kukikwepa kifungu kwa treni zake za kasi, ikafikishwa mahakamani. Ikabaki kusimama. Vichwa vikawa na nguvu, hakuna tena haja ya kubadilisha, treni bado inasimama, watu wanakula haraka haraka na kuungua midomo. Mwaka 1895 Great Western ilinunua uhuru wake kwa pauni 100,000. Castle Inn ilikuwa imeshakuwa shule ya wavulana kwa miaka 52. Na kodi yote ya vyumba vile, peni moja kwa mwaka tangu mkataba utiwe saini, ilikuwa haijafika shilingi tano.